Muhtasari wa Kikao cha Ngitili

Agosti ya mwaka juzi baba mkubwa alinipigia simu nikiwa maktaba, Dar es Salaam. Ukoo ungekaa kikao Jumamosi kuamua hatima ya ngitili ya marehemu Babu, na alitaka mtu wa kuandika muhtasari. "Wewe si ndiye msomi wetu wa historia? Njoo uandike." Hakusema nije nitoe maoni. Kwetu binti hagawiwi ngitili, lakini kalamu anaruhusiwa kushika.

Nilipanda basi la alfajiri nikafika Shinyanga usiku. Kwenye begi nilikuwa na kaunta buku jipya na nakala za kurasa nilizozisoma mwaka mzima kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, ambayo inahusu jinsi serikali ya kikoloni ilivyofyeka mapori ya Shinyanga kupambana na mbung'o. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Niliona kwamba ukoo mzima ulihitaji kusikia nilichokisoma kabla mtu hajanyanyua shoka.

Kwa msomaji asiye wa kwetu: ngitili ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, ili nyasi ziote bila kuguswa na mifugo. Hufunguliwa kiangazi kikishakolea, mwezi wa saba au wa nane, malisho mengine yakiwa yamekwisha. Wanaotangulizwa ni ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe wasioweza kwenda mbali. Kwa kuwa hapakatwi wala hapachungwi ovyo, miti nayo huinuka. Zipo ngitili za kaya na zipo za kijiji. Ya kwetu ni ya kaya, ekari 12, migunga mingi na vichaka vya dawa ambavyo majina yake anayajua Bibi peke yake. Babu aliifunga mwaka 1989. Mimi nilizaliwa nikaikuta msitu, na utoto wangu wote niliamini kwamba imekuwapo tangu dunia ianze.

Hadithi ya miti ya Shinyanga, jinsi nilivyoisoma, huanza na vifo vya ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilishuka kutoka kaskazini ikaua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Njaa na ndui vikafuata, kisha vita vya ukoloni. Ng'ombe wakiisha, nyasi na vichipukizi haviliwi. Watu wakipungua, hakuna wa kufyeka. Vichaka vilifunga mahali palipokuwa malisho, na mbung'o, anayependa kivuli na damu ya wanyama pori, akasogea karibu na makazi. John Ford, aliyefanya kazi miaka mingi katika idara za mbung'o, aliliandika jambo hili mwaka 1971. Helge Kjekshus akalirudia kwa upana mwaka 1977 katika kitabu kuhusu historia ya mazingira ya Afrika Mashariki: kabla ya ukoloni wenyeji walikuwa wakimzuia mbung'o kwa kulima, kuchunga na kuchoma moto kwa mpango. Walipovunjika wao, uzio huo ukavunjika.

Mwaka 1922 malale yalizuka upande wa Maswa. Serikali ya Waingereza ilikuwa changa hapa, na mtu aliyejitwika jambo hilo alikuwa Charles Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyama pori wa Tanganyika. Aliiweka kambi yake ya utafiti Shinyanga, mahali panapoitwa Old Shinyanga hadi leo. Mwaka 1929 akawa mkurugenzi wa idara ya utafiti wa mbung'o. Mwaka 1936 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki. Miaka miwili baadaye alikufa katika ajali ya ndege pamoja na mwanabotania wake, B. D. Burtt. Aina moja ya mbung'o inabeba jina lake, *Glossina swynnertoni*. Ni ile ile aliyokuja kuiangamiza kwetu.

Njia zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kufyeka: watemi na wanangwa waliagizwa kutoa watu, na maelfu ya wanaume wakaingia vichakani na shoka. Ya pili ni moto, na hii ndiyo iliyonifanya nisimame kusoma. Wenyeji walikuwa wamezoea kuchoma nyasi mapema, zikiwa bado na unyevu, moto upite mdogo mdogo. Swynnerton alitaka nyasi zilindwe, asichome mtu, mpaka mwisho kabisa wa kiangazi. Zikishakauka kama karatasi ndipo ziwashwe kwa siku iliyopangwa, moto uwe mkali wa kutosha kuua kichaka hadi kwenye shina. Yaani watu wangu waliamriwa kufunga nyasi kwa miezi, kama wanavyofunga ngitili, halafu mwishoni wakaamriwa kuzitia kiberiti.

Usiku ule nilipofika nilimsimulia Bibi haya. Tulikuwa nje, kwenye kigoda na mkeka, anachambua choroko kwa mwanga wa taa ya sola. Nilisimulia kwa uchungu, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba mkwe wangu alikuwemo," akasema. "Alikwenda na shoka lake na unga wake. Alikuwa akitusimulia."

"Walilazimishwa, Bibi."

"Waliitwa na mtemi. Ukiitwa na mtemi unakwenda." Akapuliza maganda. "Lakini usiandike kwamba alilia, mjukuu wangu. Alirudi akajenga huko huko walikofyeka, na ng'ombe wake hawakufa. Unafikiri hizi ng'ombe za mahari yangu zilitoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwenye mafaili yangu kulikuwa na mbung'o, maili za mraba na majina ya maafisa. Ng'ombe za mahari ya Bibi hazikuwemo. Ni kweli kwamba ufyekaji ulifanya kazi. Mbung'o alirudi nyuma, watu wakahamia maeneo yaliyofunguliwa, mifugo ikaongezeka. Watu waliposogea, wakafyeka zaidi wenyewe, kwa sababu waliona faida yake kwa macho. Serikali ilipanga jinsi ya kuuondoa msitu. Jinsi watakavyoishi watu na ng'ombe mahali pasipo na mti haikulipangia lolote.

Gharama ilianza kuonekana ndani ya kizazi kimoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ile ile iliyokuwa imetoa amri ya kukata ikagundua kwamba ardhi ya Usukuma inachoka. Mwaka 1947 ikaanzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma. Safari hii mkosaji alikuwa ng'ombe, na nyuma yake mwenye ng'ombe. Zikaja amri za kupunguza mifugo, za kufunga matuta, za kutumia samadi, na faini kwa asiyetii. Watu walichukia. Chuki hiyo ikapata chama: TANU ilishika mizizi Usukuma haraka kiasi kwamba serikali iliipiga marufuku Kanda ya Ziwa kuanzia 1954 hadi 1958, na mwaka huo wa 1958 Geita ikawaka kwa maandamano.

Hapa nilipata kitu ambacho sikukitegemea. Kupinga matuta na kupinga kupunguza ng'ombe kulikuwa sehemu ya kudai uhuru. Kwa hiyo uhuru ulipofika, hifadhi ya ardhi ilikuwa na sura ya mkoloni, na hakuna mwanasiasa aliyetaka kuonekana nayo. Kilichokuwa na sura nzuri ni pamba. Wakulima walikuwa na chombo chao wenyewe, muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, ulioundwa 1955 chini ya Paul Bomani, na bei ilikuwa ya maana. Babu alianza kulima pamba akiwa kijana. Kila mwaka aliongeza shamba, na kuongeza shamba maana yake ilikuwa kukata mti uliobaki. Mti ulikuwa pia nyumba ya kweleakwelea, wanaomaliza mtama na uwele shambani. Hakuna mzungu aliyemshika Babu mkono.

Pamba ilikuja na dawa zake, DDT ikiwa mojawapo. Marekani iliipiga marufuku mashambani mwaka 1972, lakini kwetu bado ilikuwa inapuliziwa. Bibi anakumbuka mabomba ya kubeba mgongoni na mikebe iliyobaki. "Mkebe mzuri hautupwi," alisema. Waliuosha lamboni, wakachotea maji. Maafisa waliowapa dawa hawakuwaambia chochote juu ya mkebe. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioibana DDT ibaki kwa ajili ya wadudu waenezao magonjwa tu, ulikuja wakati Bibi ameshasahau hata harufu yake. Nimeuliza kama walipata madhara. Akasema watu waliugua na kufa kama wanavyougua na kufa siku zote, nani angejua kipi kimeleta kipi. Naamini hilo ndilo jibu la kweli kuhusu sumu nyingi tulizoletewa. Hakuna aliyeandika, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa.

Kisha 1974. Novemba ya mwaka uliotangulia Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na Operesheni Vijiji ilipofika Shinyanga familia yetu ilihamishwa kilomita kadhaa kutoka kwenye boma la zamani. Ngitili ya kale, ile ambayo baba yake Babu aliibakiza nyuma ya zizi hata baada ya ufyekaji wote, ikaachwa. Nguvu za ngitili zilikuwa katika ukaribu wake: unaiona ukiwa mlangoni, na kila jirani anajua ni ya nani. Mwenyewe akiwa mbali, ikawa ya kila anayepita. Kaya nyingi zikabanwa mahali pamoja, na ng'ombe wote, kuni zote, nguzo zote zikatafutwa kuzunguka duara moja. Bibi anasema ndani ya miaka michache alikuwa anapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, na kutafuta kuni ilikuwa safari ya kutwa.

Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu alifika mkoani, na inasimuliwa kwamba aliondoka akiuita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni nao ulifuata njia iliyozoeleka: vitalu vya miche, miti ya kigeni, watu wahamasishwe wapande. Miche mingi ilikufa kwa kiu au ikaliwa na mbuzi. Kilichobadilisha mambo ni kwamba watu wa mradi walianza kuwauliza wazee zamani waliishije na kiangazi, na wazee wakataja ngitili. Mizizi ilikuwa bado iko chini. Ukilifunga eneo, kisiki kilichokatwa miaka mingi nyuma kinachipua bila kupandwa wala kumwagiliwa, kwa sababu mizizi yake tayari iko kwenye maji. Sheria za kulinda zikapitishwa kwenye dagashida, baraza la Wasukuma, na sungusungu wakazisimamia. Mwenye kuingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mwenzake alilipa faini kwa jirani zake, wala haikuhitaji afisa kutoka mjini.

Takwimu za mradi ni kubwa. Mwaka 1986 zilihesabiwa ngitili za hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla sehemu yake haijawa Simiyu. Kati ya hizo, hekta tano ni zetu. Babu, aliyekata miti kwa ajili ya pamba, alimsikiliza bwana misitu kijijini, akarudi nyumbani, akazungushia minyaa.

Hayo ndiyo niliyokwenda nayo kikaoni Jumamosi.

Tulikaa chini ya mti uleule alipozikwa Babu. Baba mkubwa na baba wadogo wawili walikaa kwenye viti, shangazi zangu kwenye mikeka, Bibi kwenye kigoda chake. Mimi nilipewa meza ndogo. Baba mdogo, yule wa mwisho, ndiye mwenye hoja. Alitaka ngitili yote ifyekwe, visiki ving'olewe kwa trekta la kukodi, palimwe mpunga upande wa bondeni na choroko juu. Ana watoto sita. Aliongea kwa utulivu.

"Serikali ilisema kateni, wazee wakakata. Ikasema fungeni, Baba akafunga. Mradi umekwisha tangu 2004. Walioufadhili wamerudi kwao. Sasa mimi nifunge kwa faida ya nani?"

Baba mkubwa akaongeza hofu yake. Eneo lisilolimwa siku hizi linaonekana tupu. Hatuna karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaturuhusu kuomba hati ya kimila, lakini hatukuomba, na kesho mtu anaweza kusimama kwenye mkutano wa kijiji akasema hapa hapana mwenyewe.

Niliomba nafasi ya kusema. Baba mkubwa akasita, kisha akaruhusu. Nikaanza na Swynnerton. Nilieleza kwamba tulishakatishwa miti mara moja kwa amri na mara ya pili kwa tamaa ya pamba, na kila mara tulilipa sisi. Nadhani niliongea vizuri. Nilipomaliza, baba mdogo akanigeukia.

"Ada yako ya kidato cha tano na cha sita, unajua ilitoka wapi?"

Nilijua. Nilikuwa sijawahi kuisema kwa sauti. Miaka ile miwili Babu alikata nguzo na mirunda kwenye ngitili, akauza kwa wajenzi wa mjini, na pesa ikaja kwa simu kabla muhula haujafunguliwa. Mtoto wa kwanza wa baba mdogo alikuwa na umri wangu. Yeye aliishia kidato cha nne. Nguzo hazikutosha wawili.

Nikaandika kwenye kaunta buku: "Hoja ya ada ilijadiliwa." Sikuandika zaidi.

Aliyevunja kimya ni Bibi. Hakuzungumzia mradi wala mkoloni. Aliuliza swali moja: mkishang'oa, maksai watakula wapi mwezi wa tisa? Baba mdogo akasema trekta halili. Bibi akauliza trekta la nani. Akauliza bei ya kulima ekari moja kwa trekta la kukodi, na mwaka ambao mvua itakosa italipwa na nini. Baba mdogo alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

Ndipo Bibi akatoa lake. Upande wa bondeni, ekari tano, ukatwe, mtoto alime, kwa sababu hana shamba na huo ndio ukweli. Ekari saba za juu zibaki zimefungwa. Na katika zile tano, kisiki kisiguswe. Kata juu ya goti, lima kwa maksai kwa kukizunguka. "Mkichoka kulima, au mkishindwa, mtafunga tu. Kitu kiko chini. Mkiking'oa hamna cha kurudia."

Wamepita mabwana misitu na wataalamu wengi kwetu. Mimi nimepita mafaili mengi. Lakini tofauti kati ya kukata na kung'oa nilielezwa na mwanamke ambaye hajawahi kuulizwa na mradi wowote. Zile sera zote nilizozisoma hazikugawana sana katika kukata au kutokukata. Swynnerton alitaka moto ufike kwenye shina, pasiwe na cha kurudia. Operesheni Vijiji iling'oa watu kutoka kwenye ngitili zao. HASHI ilifaulu kwa sababu wakataji wote waliotangulia, pamoja na baba mkwe wa Bibi na Babu mwenyewe, walikuwa wameacha visiki, wengine kwa uchovu tu.

Kikao kilikubali. Kikaongeza jambo la pili: baba mkubwa aanze kufuatilia hati ya kimila kwa zile ekari saba. Nilipofika kwenye orodha ya waliohudhuria, niliandika majina ya wanaume kama ilivyo desturi, kisha nikaandika ya Bibi, ya shangazi wote watatu na la kwangu, kila moja na sehemu ya sahihi. Baba mkubwa aliposoma alikaa kidogo na kalamu mkononi. Akatia sahihi yake, akampa Bibi wino wa kidole gumba. Shangazi wakafuata.

Dar es Salaam nilirudi na kazi ya kuandika upya sura ya tatu. Msimamizi wangu aliuliza kwa nini wale waliokuwa wahanga katika rasimu ya kwanza sasa wana shoka mikononi na ng'ombe zizini. Nilimwambia ndivyo walivyokuwa. Akataka ushahidi wa mdomo niunukuu vizuri, na tarehe ya mahojiano. Nikaweka.

Januari hii nilikwenda tena. Hati bado haijatoka, baba mkubwa ameambiwa arudi baada ya upimaji. Upande wa bondeni choroko ilikuwa imefika kifundoni, mistari ikipinda pinda kukwepa visiki. Kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi kumi, kumi na mawili. Baba mdogo alikuwa katikati ya shamba na panga, anayapunguza. Kila kisiki alikuwa anakiachia mawili.